Nilisaka Kisu cha Kukunja kwa Elfu Ishirini Hapa Geita, Haya Ndiyo Yaliyonikuta

Najua mmezoea niwaletee za mastaa, nani kamwacha nani, nani kahamia kwa nani. Leo tulieni kidogo. Leo naleta ya kwangu, na ina damu ndani yake. Zile wiki mbili nilizopotea hapa sikuwa nimesusa, wala sikuolewa kimyakimya kama wengine mlivyozusha. Nilikuwa na kidole cha shahada kimeshonwa nyuzi nne, na kuandika kwenye simu kwa mkono wa kushoto peke yake, jamani, acheni tu.

Kilichonikata ni kisu changu mwenyewe. Nilikinunua kwa hela yangu, nikakipenda, nikakipiga na picha. Ndiyo maana leo nataka tuongelee visu vya kukunja, vile vya kutembea navyo kila siku. Unachaguaje kimoja cha maana ukiwa na elfu ishirini tu na huna mjomba Ulaya?

Kwa wageni: mimi ni binti wa Kalangalala, Geita mjini. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka tukayaacha kama yalivyo. Blogu nilijifunza mwenyewe kwenye simu, ila bado haijanilipa hata hela ya vocha. Kinachonilisha ni mapambo. Ukiona sendofu au kicheni pati hapa mjini, ukaona vitambaa vimeshuka vizuri nyuma ya meza kuu na taa zinawaka kama nyota, ujue kuna mabinti watatu wanne walioamkia ukumbini tangu asubuhi. Mmoja wao ni mimi. Kwa shughuli moja nalipwa elfu ishirini na tano, nikipata bosi mwenye roho nzuri na chakula juu.

Hii kazi watu wanaona maua tu. Sisi tunaona kukata. Unakata riboni, unakata kamba za turubai, unakata gundi ya maboksi, unakata vile vibana vya plastiki vya kufungia nyaya za taa, saa nane usiku unarudi kuvikata vyote tena ili ukumbi ukabidhiwe. Mkasi upo, lakini upo mmoja na tupo wanne, na daima yuko nao aliye juu ya ngazi. Ukiwa na kisu chako mfukoni unafanya kazi, ukiwa huna unasimama na kuita, "Dada nirushie mkasi." Mabosi wanaona nani anasimama.

Sasa nilinunuaje kile kimeo? Kuna msanii mmoja wa Kanda ya Ziwa, jina kapuni, mkiniuliza nitakataa. Akaweka picha ana kisu cha kukunja cha rangi ya dhahabu, kina matundu matundu, kina meno mgongoni kama mamba, anakifungua kwa kidole kimoja. Mji wetu mnaujua, kitu kikiwa na rangi ya dhahabu tunakiheshimu kabla hatujauliza. Wiki ile ile nikakiona kama kile kwa machinga mmoja, elfu kumi na mbili. Nikafungua, kikalia "chaa!" Nikafunga, nikafungua tena. Machinga akaniambia, "Sista, ukiwa na hiki usiku hakuna wa kukugusa." Hiyo sentensi ndiyo niliyoinunua, kisu kilikuja kama nyongeza.

Maana ukweli wenyewe ndio huo. Kazi yangu inaisha usiku wa manane na nyumbani ni kwa miguu au boda. Nilikuwa naogopa, na nikaona kitu cha kutisha kitaondoa hofu.

Nilipofika nacho nyumbani mama akakiangalia, akaacha kuchambua mchele, akaniuliza, "Hicho unaenda kumchinja nani?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mwezi wa kwanza kilikata kama wembe. Mwezi wa pili kikawa kinatafuna. Mwezi wa tatu nilikuwa nyuma ya steji nakata kibana kimoja cha plastiki kilichokaza. Makali yamekwisha, kwa hiyo nasukuma kwa nguvu, ncha ikakwama kwenye fremu, nikakandamiza. Kufuli lake likaachia. Ubapa ukarudi nyumbani kwake, na katikati ya njia kulikuwa na kidole changu.

Sitaeleza sana, wengine mnasoma mnakula. Zahanati ilichukua elfu thelathini na tano. Shughuli nne zilinipita, kila moja elfu ishirini na tano. Pigeni hesabu wenyewe: laki moja na thelathini na tano imeondoka kwa sababu ya kisu cha elfu kumi na mbili. Na bosi alimweka binti mwingine kwenye nafasi yangu, binti mzuri tu, mchapakazi, ana mkasi wake. Nilipopona nikaanza upya kuomba siku moja moja. Kwa hiyo kisu kipya sikukitafuta kwa mapenzi. Nilikuwa natafuta nafasi yangu.

Kabla ya kununua nilijiuliza kitu ambacho ningejiuliza mwanzo: kisu ni cha nini? Nikaikumbuka ile jioni nilipokihitaji kwa lile jambo machinga alilosema. Ilikuwa kabla ya kidole. Natoka ukumbini saa saba usiku, mlevi mmoja akanishika mkoba, anavuta, anasema maneno ya walevi. Kisu kiko wapi? Kiko ndani ya huo huo mkoba, chini ya gundi, chini ya maputo, chini ya kanga. Mkono wangu ulikuwa unapapasa humo ndani na yeye anavuta. Aliyenitoa pale ni kaka wa boda anayenibebaga. Alinimulika na taa, akapiga honi, akaita jina langu kwa sauti. Mlevi akaachia, akaenda zake anayumba.

Usiku ule nililala naona kisu kilichelewa tu, ningekiweka mfukoni ningekiwahi. Baada ya kushonwa nikafikiria tofauti. Ningekiwahi halafu nikifanye nini? Mtu mzima amenishika, ana nguvu kuliko mimi, mimi nina kisu ambacho kufuli lake linaachia lenyewe. Ama kingemkata yeye nikaishia mahabusu, ama kingenikata mimi, ama angeninyang'anya. Sheria nayo haina utani. Kanuni ya Adhabu yetu ina kosa la kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Na unyang'anyi wa kutumia silaha, kisu kikiwemo, ni miaka thelathini jela. Sasa fikiria umesimama mbele ya askari usiku na mdude wa dhahabu wenye meno ya mamba, unamwambia ni wa kukatia riboni. Atakuamini?

Kwa hiyo suala la usiku nilimaliza kivingine. Nina namba za boda wawili ninaowajua kwa sura na kwa kijiwe chao. Tunaondoka wawili wawili. Na sasa nikikubaliana kazi nasema kabisa, "Bosi, na nauli ya usiku." Wengine wananuna, wanatoa. Hofu nimeitoa kwenye bajeti ya kisu, na bajeti ikapumua.

Sasa twende sokoni.

Nilianza kwa mzee mmoja anayenoa visu vya mabucha, ana baiskeli yenye jiwe, anakanyaga pedali jiwe linazunguka. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha kile kimeo na kidole. Akakitazama kama daktari. Akachukua tupa, akaipitisha kwenye ubapa karibu na mpini. Tupa ikauma, ikachimba vumbi la chuma kirahisi kabisa. "Umeona binti yangu? Hii bati." Kisha akachukua kisu cha bucha cha mteja wake, akapitisha tupa ile ile, ikateleza kama juu ya kioo. "Hiki chuma." Shule yangu ya kwanza ilikuwa hiyo, na ilikuwa bure.

Mzee akanisimulia kwamba kwao ni Warongo. Wengi wa rika letu hatujui, na mimi nilikuwa mmoja wao. Warongo ndio waliokuwa mafundi wa kuyeyusha na kufua chuma upande huu wetu wa Geita na Uzinza, majembe yalitoka kwao, kabla ya duka lolote. Nikaenda kusoma zaidi. Kumbe majirani zetu Wahaya, ng'ambo tu hapo Kagera, walikuwa wanatengeneza chuma cha pua kwenye tanuru za udongo kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita, kwa kupuliza hewa iliyopashwa moto kwanza. Watafiti wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliliandika hilo kwenye jarida la Science mwaka 1978. Yaani watu wa ziwa hili walikuwa wanajua chuma kizuri ni kipi, na mimi mjukuu wao nachagua kwa rangi.

Kinachochekesha ni kwamba mji huu hatununui dhahabu hivyo. Tangu soko la dhahabu lifunguliwe hapa Geita Machi 2019, mtu anakuja na punje yake inapimwa, inachunguzwa, inapigiwa hesabu, ndipo hela inatoka. Hakuna anayesema "inang'aa, nipe." Kisu tunakichukua kwa kung'aa.

Basi nikajiwekea vitu vya kupima, na nikaviandika kwenye simu ili machinga asinivuruge kwa maneno matamu.

Cha kwanza ni kufuli. Visu vya kukunja vina namna kadhaa za kuzuia ubapa usirudi. Kuna visivyo na kufuli kabisa, vina springi mgongoni tu, ukikandamiza vibaya vinajifunga. Vile vya Kiswisi vyekundu vidogo vingi viko hivyo, na wala si vibaya, vinataka heshima tu. Kuna vyenye ulimi wa bati ndani ya mpini, unaoruka na kusimama nyuma ya ubapa. Kimeo changu kilikuwa cha namna hiyo. Ulimi ukiwa mnene ni kufuli zuri, cha kwangu ulikuwa mwembamba kama kifuniko cha soda. Kuna vya kufuli la mgongoni, unabonyeza nyuma ya mpini ndipo kinafunga. Na kuna vya pete, unazungusha pete shingoni mwa kisu inaziba njia.

Kupima ni rahisi. Fungua kisu, shika mpini huku vidole vyote viko nje ya njia ya ubapa, geuza mgongo wa ubapa chini, ugonge taratibu kwenye mbao mara tatu nne. Kikijifunga, rudisha, mshukuru muuzaji, ondoka. Ningefanya hivi siku ile, nisingekuwa naandika habari hii.

Cha pili ni bawaba, pale ubapa unapozungukia. Shika ubapa, jaribu kuutikisa kushoto kulia. Ukicheza, acha. Kisha kifunge uangalie kwa juu: ubapa ulale katikati ya mpini, usisugue upande mmoja. Kama kuna skrubu, angalia kama inakazika. Zile zilizopigwa ripiti zikilegea ndiyo basi.

Cha tatu ni chuma chenyewe. Tupa hutaruhusiwa sokoni, utafukuzwa. Mimi nilienda na sumaku. Nina rafiki yangu anafanya kazi kwenye karasha, kule wanatumia sumaku kutoa mchanga wa chuma kwenye mzigo, akaniazima kipande. Chuma kinachoweza kuchomwa na kuzamishwa kikawa kigumu cha kushika makali kawaida kinanasa sumaku, hata kile kisichoshika kutu. Ubapa ukikataa sumaku kabisa, huenda ni chuma laini kama cha masufuria. Ila msije mkasema nimewadanganya: kunasa peke yake hakutoshi, bati nalo linanasa. Sumaku inakutolea wabovu wa wazi, basi.

Cha nne ni umbo. Ubapa wa sentimita saba au nane unamaliza kazi zangu zote. Usiwe na meno mgongoni, hayana kazi zaidi ya kuchana mfuko wa suruali. Mpini ujae mkononi, usiteleze ukiwa na jasho. Na usiwe na rangi ya kuita watu.

Na cha mwisho, ambacho hakimo kwenye video yoyote ya mtandaoni: je, naweza kukifungua mbele ya mama bila kuulizwa swali lile?

Nilizunguka siku mbili. Niwape mrejesho.

Kile kisu cha wembe unaosukumwa, unavunja kipande kikiisha makali, ni elfu mbili. Kwa riboni na maboksi hakina mpinzani, na kama kazi yako ni hiyo tu ishia hapo, utunze hela. Ila kwenye vibana vya plastiki wembe unavunjika na kuruka, na mimi niko na macho mawili tu.

Kisu chenye vifaa vingi, mfano wa vile vya Kiswisi vya Victorinox, nilikikuta elfu kumi. Hao wenyewe wana historia ya heshima, karakana ilianza mwaka 1884 na mwaka 1891 wakaanza kuwapa wanajeshi wa nchi yao visu. Hiki cha elfu kumi hakikuwahi kuiona Uswisi hata kwa picha. Mkasi wake unacheza, kopo ukilifungua kinapinda. Vitu kumi vibovu ndani ya mpini mmoja.

Mtandaoni wote wanasifia Opinel ya Ufaransa. Nikaisoma: ilianzishwa na Joseph Opinel mwaka 1890 kule Savoie, ni kisu cha wakulima, mpini wa mti, pete ya kufungia ikaongezwa mwaka 1955. Ile namba 8 ubapa wake ni sentimita 8.5. Niliipenda kwa sababu haina mbwembwe hata moja. Lakini ukibadilisha hela yao kuwa yetu, bado usafiri, elfu ishirini yangu inabaki inaangalia chini. Nikasema asante kwa elimu.

Halafu Okapi. Mzee wa baiskeli alikuwa nayo moja, ya mkono wa pili, elfu kumi na tano. Mpini wa mti, chuma cha kaboni chenyewe, mgongoni ina kipete cha kuvutia. Ukiifungua inalia "ka-ka-ka-ka" hatua kwa hatua. Kumbe Okapi zilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, na sisi hapa tulikuwa chini yao wakati huo. Jina ni la yule mnyama wa misitu ya Kongo. Siku hizi zinatengenezwa Afrika Kusini. Nilisimama nayo muda mrefu sana. Makali yake ni moto, na historia yetu imo ndani.

Nikairudisha kwa sababu mbili. Chuma cha kaboni kinashika kutu, na mimi nashinda kwenye maji ya maua, nikisahau kukikausha usiku mmoja naamka kimeota madoa. Ya pili ni ile sauti. Kule kusini Okapi ina sifa ya kutumika kwenye ugomvi, na huo mlio ukiusikia gizani hutaki kujua nani kaufanya. Mimi napita ukumbini katikati ya mashangazi wa bibi harusi. Mzee hakukasirika. Akasema, "Umekuja kununua kazi, nenda kanunue kazi."

Nilikipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwenye kabati la kioo, nyuma ya tepu za kupimia. Hakina jina kubwa. Ubapa wa sentimita saba, umeandikwa haushiki kutu, sumaku imenasa, mpini mweusi wa plastiki nene, kufuli la mgongoni, skrubu na siyo ripiti. Nikakitikisa, kimetulia. Nikaomba kipande cha mbao nikakigonga mgongo, muuzaji ananiangalia kama nimepagawa. Hakikuachia. Alianza elfu kumi na nane. Nikamwonyesha kidole. Sijui ni huruma au ni kuogopa nitamalizia hadithi yote, tukafika elfu kumi na tatu na mia tano.

Hapo sikumaliza hela, na msimalize. Kinoo kidogo cha pande mbili, elfu tatu. Kichupa cha mafuta ya cherehani, buku. Jumla elfu kumi na saba na mia tano. Iliyobaki ni boda kwenda na kurudi. Kisu bila kinoo ni kisu cha mwezi mmoja, na kwa visu vyetu vya bei hii makali yatakwisha tu, hakuna muujiza. Tofauti ni kwamba chuma chenye afya ukikinoa kinarudi.

Kunoa alinifundisha mzee. Unalowesha kinoo, unalaza ubapa, unauinua mgongo kidogo, kama nyuzi ishirini hivi, mzee anasema "kama unataka kuchuna ngozi ya kinoo." Unasukuma kutoka shinani hadi nchani, upande huu mara kumi, upande ule mara kumi, bila kubadilisha mwinuko. Kisha unajaribu kwenye karatasi, usijaribu kwenye kidole chako. Ukiwa huna kinoo kabisa, geuza kikombe cha kauri: ile duara ya chini isiyong'aa inanoa vizuri tu. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, unapangusa, umemaliza. Dakika kumi kila Jumapili.

Na kuna mahali hakiendi. Siku ya mechi Nyankumbu kinabaki nyumbani. Baa, kinabaki nyumbani. Ukipanda ndege, iwe Mwanza au Chato, usikiweke kwenye mkoba wa mkononi, watakichukua na watakuwa sahihi. Nikienda kazini kinakaa na kinoo, riboni na gundi kwenye kipochi kimoja. Askari akifungua anaona fundi wa mapambo.

Sasa ile sehemu mliyokuwa mnaisubiri. Kipindi cha maonesho ya madini pale Bombambili, niliitwa kusaidia steji ya tamasha moja jioni. Nani anapanda? Jina kapuni yule yule. Dakika chache kabla ya kupanda, bango lake limekwama, kamba imejifunga kwenye bomba, vijana wake wanahangaika. Mwenyewe akasogea, akatoa ule mdude wa dhahabu, "chaa!", watu wote wakageuka. Akasugua kamba. Akasugua tena. Kamba ikatoka manyoya tu. Nilitamani kumwambia aangalie kidole, ila mimi ni nani?

Nikapita chini ya mkono wa mlinzi, nikafungua changu kimyakimya, nikakata mara moja, bango likashuka. Akaniangalia, akakiangalia kisu, akasema, "Kidogo hivyo?" Nikamwambia, "Ndiyo kaka, kidogo hivyo." Bosi wangu wa zamani alikuwa pembeni. Hakusema kitu usiku ule. Jumatatu akapiga simu, nina Jumamosi mbili zimefuatana kwake.

Lakini hilo silo lililonifurahisha zaidi. Juzi nimetoka kuoga nikamkuta mama kibarazani anamenya chungwa, ganda linashuka refu bila kukatika. Nikaangalia mkononi mwake, ni kisu changu. Alikitoa kwenye kipochi bila kuuliza. Alipomaliza akakipangusa na kanga, akabonyeza mgongoni akakifunga kwa uangalifu, akakiweka pembeni ya sahani, akanipa nusu ya chungwa.

Haya wadau, nimemaliza. Nyie mnatembea na nini mfukoni, na kilikugharimu shilingi ngapi? Kama umewahi kupigwa na kimeo kama mimi, tiririka hapo chini, hakuna wa kukucheka. Na mkimjua jina kapuni, kaeni naye kimya. Tukutane wiki ijayo, udaku unarudi.